Mjadala: Wapangaji wa kike wawe ndani saa tatu usiku? Mtaa wetu hapa Dodoma unataka kulipitisha

DIRISHA LA DAWA (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Naleta hili hapa kwa sababu Jumamosi mkutano wa mtaa unarudi na sitaki jambo lipite huku watu wakipiga makofi.

Mkutano uliopita mwenyekiti wetu (mtaa sitautaja, ni upande wa Ipagala) alieleza malalamiko ya vibaka na ya mabinti kufuatwa usiku, hasa pale kwenye mapagale, zile nyumba zilizoachwa bila kumalizwa, kabla hujaikuta lami. Likatolewa pendekezo: wapangaji wa kike wanaoishi peke yao wawe ndani saa tatu usiku, wenye nyumba wasimamie geti, na atakayechelewa amweleze mjumbe alikuwa wapi. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi, na ya wanawake imo.

Mimi nauza dawa. Dirisha letu linafungwa saa tatu. Mama akija saa tatu kasorobo na cheti cha mtoto mwenye homa, nimwambie nawahi geti?

Sikatai kwamba hofu ipo. Ninayo. Nikishuka kwenye daladala natoa khanga mkobani najifunga juu ya suruali, na si kwa ajili ya baridi. Boda napanda ya mtu ninayemjua, maana hawa wengine ndio wale wale. Mlangoni kwangu nimeweka makobazi ya kiume, namba 43. Niliyachagua kwenye mitumba ya Sabasaba, nikatafuta yaliyolika kisigino ili yaonekane yana mwenyewe, na nikifagia nayahamisha yasikae sehemu moja. Hakuna mwanaume anayeishi humo ndani. Lakini tangu niyaweke, wale waliokuwa wanagonga usiku kwa "samahani nimekosea mlango" wamekoma.

Naomba tujadili. Anayetisha watu ni mwanaume aliyeko barabarani, kwa nini wa kufungiwa niwe mimi? Na hii hofu yetu inatokana na giza tu, au inatokana na namna tunavyochukuliwa?

BODA WA NKUHUNGU
"Hawa wengine ndio wale wale." Dada uliandika vizuri, hapo ukaharibu.

Nimempeleka mjamzito hospitali ya General saa nane za usiku, mume yuko safarini, nikakaa nje pale mpaka ndugu yake akafika, na nauli sikudai. Leo naambiwa mimi ni wale wale. Wale wepi? Ukiibiwa simu Majengo utasema soko zima ni wezi?

Na hofu si yenu peke yenu. Abiria wa kiume akinisimamisha usiku akaniambia nimpeleke Veyula, namwangalia mikono kabla sijamwangalia uso. Kuna wenzetu wamekabwa na kamba kwa nyuma wakaachwa korongoni, pikipiki imeondoka. Sijaona mtaa ulioitisha mkutano kwa ajili yetu.

MTATA WA AREA D
Boda umemaliza kila kitu. Hizi mada za "sisi wanawake tunaogopa" huwa zinasahau hesabu. Umoja wa Mataifa walitoa ripoti ya mauaji duniani kwa takwimu za 2017. Katika kila watu 100 waliouawa, 81 ni wanaume. Wanaokufa ni sisi, wanaoogopa ni nyie. Sasa hofu hiyo si mmejitengenezea wenyewe? Saa tatu usiku mtu mwenye heshima zake yuko nyumbani anakula ugali wake.

MAMA GETI JEUSI
Mimi nimesoma nikaishia kwenye makobazi.

Nina nyumba ya vyumba sita na namjua kila mpangaji na aliyemleta. Mtu akiniambia yuko peke yake, halafu nikikuta viatu vya mwanaume mlangoni, huyo kanidanganya. Maji tunalipa kwa vichwa. Choo kinajaa kwa vichwa. Na siku mke wa mtu akija na mashoga zake kumtafuta mume wake kwangu, anayeaibika mtaani ni mimi. Binti, toa viatu hivyo. Mwambie mwenye nyumba akuwekee komeo la chuma.

BINTI KONDOA
Shikamoo mama. Komeo linalinda mlango. Na njia ya kufika mlangoni je?

DIRISHA LA DAWA
Kaka wa boda, Mungu akubariki kwa yule mama. Lakini niambie, saa tatu na nusu usiku nitakutambuaje? Wote mmevaa reflekta, na nyingi hazina namba. Nikikosea kuchagua, wewe utasema pole. Wengine wote watauliza kwa nini nilipanda.

Mama, komeo ninalo. Ila komeo halimfukuzi mtu, linamchelewesha tu. Anayekuja kugonga akiona yale makobazi anasema humu kuna mwenyewe, anageuza. Anamheshimu mwanaume ambaye hayupo. Mimi niliyemo, ninayelipa kodi miezi sita kwa mkupuo, nikimwambia "ondoka" kwa sauti yangu haondoki. Anacheka, anasema "fungua tuongee." Hilo linaniuma kuliko kibaka anayetaka simu.

MTATA WA AREA D
Huyo anayegonga naye si bure. Utakuwa ulimchekea mchana.

BINTI KONDOA
Anauza dawa! Wewe ukienda kununua panado ukakuta muuzaji amenuna, si utarudi hapa kufungua uzi wa huduma mbovu Dodoma? Akicheka amekuita chumbani, asipocheka anaringa. Mkuu hebu tuambie uso gani tuvae, tuuvae wote.

SHATI LA KAKA
Jamani na mimi natoa langu. Niko Makulu, nasoma. Kwenye kamba yangu ya nguo shati la kaka yangu haliondoki. Likichafuka kwa vumbi nalifua, nalianika tena. Yeye yuko Singida, hajui kama shati lake ndilo mlinzi wangu.

PETE YA SHABA
Mimi pete. Sijaolewa. Nikiwa stendi ya Nanenane alfajiri na mabegi, wapiga debe wananishika mkono wanavuta. Nikiinua kidole wananiachia: "samahani, mke wa mtu." Sijawahi kuachiwa kwa sababu nimesema sitaki.

MKAKA WA KISASA
Kumbe! Kuna dada hapa Kisasa nilimpenda kwa moyo wangu wote. Nikajipanga, nikanunua zabibu kilo mbili nzuri kabisa, nikaenda. Kufika nakuta raba za kiume mlangoni. Nikarudi nyumbani na zabibu zangu, nikala mwenyewe. Sasa nasoma uzi huu nashindwa hata kulala.

SHATI LA KAKA
Ungebisha hodi mchana ukauliza kwa adabu. Raba hazing'ati.

MKAKA WA KISASA
Sasa nyie mmeziweka zitufukuze, halafu mnasema hazing'ati?

BODA WA NKUHUNGU
Tumetoka kwenye boda tumehamia kwenye viatu. Bado sijajibiwa. Mimi ni wale wale?

MCHIMWAGA
Nimesoma sosholojia hapo juu mlimani, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na hili la hofu ya uhalifu ndilo niliandikia utafiti wangu wa mwisho, kwa hiyo nivumilieni.

Mtata, takwimu umeikata katikati. Ripoti hiyo hiyo unayoitaja inasema mwaka huo wa 2017 waliuawa wanawake kama 87,000 duniani, na 50,000 kati yao waliuawa na mume, mpenzi au ndugu wa familia. Mwanaume anauawa zaidi na mtu wa nje. Mwanamke anauawa zaidi na mtu anayemjua jina. Kwa hiyo anapomwona mwanaume gizani, hesabu anayoifanya kichwani si ile ya mwanaume mwenzio. Anajumlisha njia na nyumbani.

Halafu hilo la wanawake kuogopa kuliko wanaume, wakati takwimu za barabarani zinaonyesha wanaume ndio wanaoumizwa zaidi, limewashughulisha wataalamu muda mrefu. Mwaka 1996 kuna mwanasosholojia wa Marekani, Kenneth Ferraro, aliyeeleza kwamba juu ya kila hofu ya mwanamke kuna kivuli cha kubakwa. Mwanaume akisikia mtu dirishani anafikiria televisheni. Mwanamke akisikia mtu yule yule, wazo la televisheni linakuja baadaye sana. Alipoitoa hofu ya kubakwa kwenye hesabu zake, ile tofauti kati ya wanawake na wanaume kwenye hofu ya makosa mengine karibu iishe. Alipima Wamarekani, sijasema alifika Ipagala. Ila soma uzi huu tangu juu. Kuna hata dada mmoja aliyelalamikia wizi wa televisheni?

Na la mwisho. Mwaka huo huo wa 1996 wanasaikolojia wawili, Glick na Fiske, walionyesha kwamba dharau kwa wanawake ina sura mbili. Kuna ile ya wazi ya "ulimchekea mchana." Na kuna ile ya upole: wewe ni wa kulindwa, kaa ndani, tutakulinda. Hii ya pili inapigiwa makofi kwenye mkutano wa mtaa kwa sababu inafanana na upendo. Lakini ina sharti. Ukitoka nje ya geti saa tatu na dakika tano, ulinzi umeisha na lawama imeanza. Hapo zile sura mbili zinakutana.

MTATA WA AREA D
Mlimani mmesoma sana. Basi soma na hii. Utafiti wa serikali wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu yoyote kati ya zile walizotajiwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali asilimia 40. Wanawake waliokubali asilimia 58! Wenyewe mnasema mpigwe. Mnatulaumu sisi kwa lipi?

MAMA GETI JEUSI
Weka akiba ya maneno, kijana. Mimi simo kwenye hao 58.

Mnaniona mama wa geti, mkoloni. Nitawaambia kwa nini nina geti. Aliyenivunja huu mkono wa kushoto hakunifuata kwenye mapagale. Alikuwa na ufunguo. Kila mtu mtaani alisikia, na asubuhi waliokuja walikuja kunishauri nimpikie vizuri. Balozi wa nyumba kumi naye alikuja akanywa chai yangu, akasema ndoa ni uvumilivu. Nyumba hii nimeijenga baada ya hapo, tofali moja moja, kwa hela ya mbogamboga. Ndiyo maana mwanaume asiye na jina kwenye daftari langu halali humu. Usije ukaniambia mimi nimekubali nipigwe.

BINTI KONDOA
Pole sana mama. Pole mno.

MCHIMWAGA
Pole mama yangu.

Mtata, hao 58 wameulizwa baada ya kulelewa na bibi, shangazi na kungwi waliowaambia kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa. Na utafiti huo huo unasema wanawake 40 katika kila 100 wamepata kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ukishaona kila mtu anapigwa na hakuna anayeulizwa, nawe utajibu "ana haki" upate kuishi.

KIFUNGU
Naongeza upande wa sheria kisha naondoka. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kupiga. Ina zaidi ya miaka 50 hiyo. Balozi aliyekunywa chai pale alikuwa na sheria mkononi na akaiacha.

Wapo wanaosema maneno ya barabarani si kosa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu ambacho wengi tunakijua kama 138D: kumsumbua mtu kijinsia, hata kwa maneno, ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kilikuja na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Lakini sheria hiyo hiyo, kwenye kubaka, inamwacha mume nje isipokuwa kama wametengana. Mkitaka kujua kwa nini hofu ya mwanamke haiishii getini, anzieni hapo.

MTATA WA AREA D
Faini laki mbili kwa kusema "mambo mrembo"? Basi Jamatini pale watafungwa wote. Na mbona hamsemi habari ya mavazi? Mtu anapita na suruali imembana kila kona, halafu anataka asiangaliwe.

PETE YA SHABA
Nilijua tutafika kwenye mavazi. Huwa tunafika.

BODA WA NKUHUNGU
Mavazi hapana mkuu. Nimebeba wenye baibui wakapigiwa miluzi mpaka nikasimama kumfokea mtu. Hapo umekosea.

MZEE WA MLIMWA
Mbukwenyi. Mimi ni mkaazi wa siku nyingi. Nilikuja mji huu ukiwa wa CDA, mamlaka ile iliyoanzishwa 1973 kujenga makao makuu na kuvunjwa 2017. Tulikuwa tunajuana. Binti alitoka Kikuyu mpaka Uhindini usiku kwenye ngoma ya kipaimara akarudi salama. Sasa mmekuja wengi. Sensa ya 2012 jiji hili lilikuwa na watu 410,000 na kitu. Ya 2022 wamefika 765,000. Serikali imehamia na kila aina ya mtu amehamia nayo. Hofu hii ni ya wageni kutojuana, msiipe majina mengine.

SHATI LA KAKA
Shikamoo mzee. Waliohama na serikali ndio waliojenga Iyumbu na Mtumba, nasi wengine tumekuja kusoma. Sasa wezi tumekuwa sisi?

MZEE WA MLIMWA
Marahaba. Sijasema wezi. Nimesema hatujuani.

BINTI KONDOA
Mzee wangu, kwa heshima zote. Mimi si mgeni, nimezaliwa mkoa huu. Huo utafiti wa 2015-16 wanaouzungumza hapa ulikuta wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa wa Dodoma wamekeketwa. Waliofanya hivyo hawakushuka kwenye treni ya SGR. Walikuwa bibi na majirani tuliojuana nao. Huyo binti wa Kikuyu akishikwa njiani enzi hizo alikuwa anamwambia nani? Nyumbani angeulizwa "ulifuata nini," kisha angeozwa haraka. Kimya cha zamani msikiite usalama.

MZEE WA MLIMWA
Hilo la ukeketaji ni kweli, mwanangu, na sina la kulitetea.

Lakini nisikilizeni kwenye jambo moja ninalolijua. Mleta mada ametaja giza, na dawa ya giza wengi watasema ni taa. Pale mnapopaita mapagale, viwanja vilipimwa, watu wakalipia, wakainua kuta mpaka kwenye lenta, wakarudi Dar. Kuta zimesimama miaka na miaka, hazina mlango wala dirisha. Ukiweka taa barabarani, anayepita anaonekana vizuri sana, na aliyekaa ndani ya pagale haonekani kabisa. Taa peke yake pale inamsaidia mviziaji. Mtaa una uwezo wa kupeleka majina ya wenye viwanja hivyo halmashauri, waambiwe wazibe milango kwa tofali au waweke mtu. Huo ndio mkutano wa kuitisha. Kumfungia binti anayetoka kazini ni kukwepa kumwandikia barua tajiri mwenye pagale.

DIRISHA LA DAWA
Mzee asante. Hili la mapagale naliandika kwenye daftari langu la Jumamosi neno kwa neno.

MTATA WA AREA D
Tuliachana na mavazi mapema sana. Hata Bunge lililoko hapa hapa Dodoma, Juni 2021, mbunge mwanamke wa Momba alitolewa nje kwa suruali. Spika wa wakati ule alimwambia aende akavae vizuri ndipo arudi. Kama Bunge linaona kuna tatizo, mimi ni nani?

PETE YA SHABA
Umejibu swali la mleta mada bila kujua. Mbunge! Aliyechaguliwa kwa kura, amekaa kwenye kiti chake, ndani ya jengo lenye askari kila mlango. Mbunge mwenzake wa kiume akasimama kulalamikia suruali, naye akatoka nje mbele ya kamera. Sasa mimi wa Ipagala nikimfuata mjumbe nikamwambia nimeshikwa njiani, ataanza kuniuliza nini? Mimi siku hiyo nilikuwa naangalia Bunge na mama yangu. Mama alisema, "umeona?" Hakuongeza neno, na sikuhitaji aongeze.

BINTI KONDOA
Na msisahau Agosti 2024. Video ya yule binti wa Dar aliyefanyiwa ukatili na kundi la vijana ilisambaa kwenye simu za watu. Kesi ilisikilizwa hapa kwetu Dodoma, na Septemba 30 wanne walihukumiwa kifungo cha maisha. Hilo tunashukuru. Lakini kabla ya hukumu, kamanda wa polisi wa mkoa wetu wakati ule alinukuliwa na gazeti akisema binti alikuwa kama anajiuza. Jeshi la Polisi lilitoa taarifa ya kuomba radhi, na kamanda akahamishwa. Nilikuwa chuo. Usiku ule chumbani kwetu hatukuzungumzia wale vijana, tulijua dunia ina watu kama wale. Tulizungumzia ile kauli. Kila mtu alikuwa anajiuliza, ikinipata mimi watasema nini juu yangu? Mwenzetu mmoja alisema ikimpata hatamwambia mtu. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa huku anachambua mchicha.

MTATA WA AREA D
Na kamanda huyo alikuwa mwanamke. Umeliruka hilo.

MCHIMWAGA
Halijarukwa, linathibitisha hoja. Walionyoosha mkono kwa mwenyekiti ni pamoja na wanawake, na wale 58 ni wanawake. Mtazamo huu tumenyweshwa wote. Tofauti ni kwamba ukikutokea msiba, bili analetewa mwanamke.

KIFUNGU
Nilisema naondoka lakini hili la kutosema lina sheria na lina utaratibu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza kuomba kuzungumza na askari wa dawati, usielezee mambo yako kaunta mbele ya watu. Ukiwa umeumizwa unapewa PF3, ile fomu ya polisi, uende nayo hospitali. Nguo usizifue na usioge kabla ya kumwona daktari, hata kama mwili wote unataka maji. Na dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu, kwa hiyo hospitali isisubiri mambo mengine. Nawasihi, hata kama hutaki kesi, nenda hospitali.

DIRISHA LA DAWA
Saa 72, sahihi kabisa. Na wengi wanakuja dirishani kwangu siku ya nne, ya tano, wanauliza kwa kunong'ona, "ni ya rafiki yangu." Nikiuliza kwa nini hakuja mapema, jibu ni moja: alikuwa anafikiria ataambiwa nini. Sasa mtaa ukiweka saa tatu, aliyepatwa saa nne atasema? Atakuwa amevunja sharti. Atakaa nalo kimya mpaka saa zipite. Hili ndilo ninaloliogopa kwenye hilo pendekezo kuliko hata kazi yangu.

BODA WA NKUHUNGU
Haya. Nimetulia sasa. Dada, "wale wale" sijaisahau, ila nimeelewa kwa nini huwezi kujaribu bahati kwa kila reflekta.

Kijiweni kwetu tumeongea jioni hii. Tuko radhi kuandika jina na namba kubwa mgongoni, mwenyekiti wa kijiwe awe na daftari, na abiria wa kike akipanda usiku ampigie simu mtu mbele yetu aseme namba. Hatutanuna. Mimi mwenyewe nataka hivyo, maana atakayeharibu atajulikana kwa namba yake na sisi wengine tutapumua. Tunaomba na nyie mtusaidie: abiria wa kiume wa usiku naye aandikwe.

SHATI LA KAKA
Wa kiume aandikwe na nani? Hapo umenichanganya.

BODA WA NKUHUNGU
Na mimi! Nampiga picha kabla ya kuondoka. Akikataa asipande.

MKAKA WA KISASA
Mimi nakubali kupigwa picha. Na kuhusu raba, naomba ushauri, nirudi kwa yule dada au nimwache?

PETE YA SHABA
Rudi. Mchana. Na ukiambiwa hapana, uwe umesikia hapana.

MAMA GETI JEUSI
Huyo Shati la Kaka amesema yuko Makulu. Na mimi niko Makulu. Isije ikawa ni mpangaji wangu.

SHATI LA KAKA
Si kwako mama. Kwetu geti ni la bluu. Ila kodi imepanda, mwenye nyumba anasema mabinti wanatumia maji mengi. Una chumba?

MAMA GETI JEUSI
Kipo kimoja kinaachwa mwisho wa mwezi. Elfu sitini, luku mnachangia, choo cha nje kwa pamoja lakini kina taa na mlango wa bati mpya. Geti nafunga saa nne. Ufunguo wa geti nitakupa, kama unasoma maktaba unarudi saa yako, ufunge nyuma yako. Wanaofanya kazi usiku wote nimewapa. Mgeni wa kiume wa kulala sitaki.

SHATI LA KAKA
Nimekuelewa mama. Na wapangaji wa kiume, wageni wa kike wa kulala wanaruhusiwa?

MAMA GETI JEUSI
Wa kiume sijawahi kuwawekea sharti hilo.

SHATI LA KAKA
Kwa nini mama?

MAMA GETI JEUSI
Sina jibu la haraka. Nitalifikiria. Chumba unakitaka au hukitaki?

SHATI LA KAKA
Nakitaka. Kesho mchana nakuja kukiangalia.

MTATA WA AREA D
Sasa saa tatu imepita au haijapita? Maana naona mnapangishana vyumba.

DIRISHA LA DAWA
Haijapita. Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa. Nakwenda na mapagale ya mzee, namba za reflekta na saa 72. Kama na wewe una mtaa wako Area D, itisheni wa kwenu, usimame mbele ya mama zako na dada zako useme hayo ya kuchekea mchana.